Haibridi ya kuchaji: Tukuyu inamlipa nani?

MFANYABIASHARA wa Tukuyu anayetafuta gari dogo la juu anakabiliwa na swali ambalo zamani halikuwapo. Uchaguzi ulikuwa kati ya RAV4, X-Trail na Forester, na hoja kubwa ilikuwa upatikanaji wa vipuri. Sasa, katika orodha za magari yaliyotumika yanayotoka Japani, yamo pia magari yenye injini ya petroli pamoja na betri kubwa inayochajiwa kwa umeme wa nyumbani. Maarufu kati ya hayo ni Mitsubishi Outlander PHEV, na baada yake Eclipse Cross PHEV, Toyota RAV4 PHV na Harrier PHEV.

Madalali huyanadi kwa maneno machache: gari haili mafuta. Maneno hayo ni kweli kwa baadhi ya wanunuzi, na kwa wengine ni hasara. Kinachowatofautisha ni kilometa wanazotembea kila siku, mita ya umeme waliyo nayo na umri wa betri wanayonunua. Fedha inayohusika si ndogo. Kwa mtu anayenunua ndizi Kiwira au parachichi vijijini, milioni nane zinazozidi kwenye bei ya gari ni mtaji ambao ungeweza kuzunguka msimu mzima.

Aina tatu, matumizi matatu

Gari la petroli la kawaida lina injini peke yake. Nguvu zote hutoka kwenye tangi, na gari linaposhuka mlima au kupunguza mwendo, nguvu hiyo huishia kwenye breki kama joto.

Haibridi ya kawaida ina injini, mota ya umeme na betri ndogo. Betri hiyo haichomekwi popote. Hujazwa na injini, na pia na mota inayogeuka kuwa jenereta dereva anapoachia mafuta au kukanyaga breki. Kundi hili lina Toyota Harrier Hybrid iliyotoka mwaka 2014, Nissan X-Trail Hybrid ya mwaka 2015, na Honda Vezel Hybrid iliyoingia sokoni Desemba 2013. Mwenye gari la namna hii huenda sheli kama kawaida, ila huenda mara chache zaidi.

Haibridi ya kuchaji hufanya kazi hizo zote, lakini betri yake ni kubwa kiasi cha kulipeleka gari kilometa kadhaa bila injini kuwaka. Betri ikiisha, gari huendelea kama haibridi ya kawaida. Uzito nao huongezeka: Outlander PHEV ina zaidi ya kilo 1,800, na RAV4 PHV inafikia kilo 1,900 kabla ya abiria na mzigo.

Hapo ndipo penye kiini cha biashara hii. Faida ya betri kubwa hupatikana siku ambazo gari limechajiwa na limetembea kwa umeme. Siku ambayo halikuchajiwa, mwenye gari anabeba betri nzito aliyoilipia ghali, na mafuta yanaendelea kuungua.

Magari yaliyopo sokoni

Outlander PHEV ilianza kuuzwa Japani Januari 2013. Ina injini ya lita 2.0, mota mbili za umeme, moja mbele na moja nyuma, kila moja ya kilowati 60, na betri ya uniti 12. Kwa vipimo vya Japani vya wakati huo ilitajwa kwenda kilometa 60.2 kwa umeme peke yake. Mwaka 2018 ilifanyiwa mabadiliko: injini ikawa lita 2.4, betri uniti 13.8, na mota ya nyuma kilowati 70. Toleo jipya kabisa lilitoka Desemba 2021 likiwa na betri ya uniti 20.

Eclipse Cross PHEV, ya Desemba 2020, inatumia injini ya lita 2.4 na betri ya uniti 13.8 katika umbo dogo zaidi. Kipimo chake ni kilometa 57.3.

RAV4 PHV ilitoka Juni 2020. Injini yake ni lita 2.5, betri uniti 18.1, na kipimo ni kilometa 95. Harrier PHEV ya Oktoba 2022 ina betri yenye ujazo huohuo na kipimo cha kilometa 93. Haya mawili ndiyo yenye bei ya juu, kwani umri wake bado mdogo na jina la Toyota linajiuza lenyewe.

Vipimo hivyo ni vya maabara. Watumiaji wengi wa Outlander ya kwanza hupata kilometa 30 hadi 40 barabarani, na betri iliyozeeka hupungukiwa zaidi. Mnunuzi anayefanya hesabu kwa kilometa 60 amekosea kabla hajaanza.

Kwenye tope, yote manne huzungusha magurudumu ya nyuma kwa mota ya umeme bila shafti kutoka mbele. Hata hivyo, mota ya nyuma ya RAV4 PHV ni kilowati 40, ya Outlander ni 60 au 70. Kwa njia za mashambani zinazoteleza wakati wa masika, tofauti hiyo ina maana. Uvungu wa Outlander uko milimita 190 kutoka ardhini, kiasi kinachotosha barabara ya changarawe lakini si makorongo ya njia ya mkokoteni.

Milima ya Rungwe inakula betri

Tukuyu iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500 hadi 1,600. Barabara ya kwenda Kyela hushuka hadi karibu mita 500, jirani na Ziwa Nyasa. Barabara ya Mbeya, takriban kilometa 70, huvuka safu ya Uporoto: kutoka Uyole hupanda kwanza, kisha hushuka kupitia Isongole na Kiwira hadi Tukuyu. Hakuna upande ambao dereva atakwenda mbali bila kukutana na mlima.

Kupandisha gari la kilo 1,900 kwa mita 1,000 kwenda juu kunahitaji nguvu ya zaidi ya uniti 5, hata kabla ya kuhesabu upepo, msuguano wa matairi na upotevu wa ndani ya mota. Kwa Outlander yenye betri ya uniti 12, hiyo ni karibu nusu ya betri kwa kupanda tu. Kwa hiyo safari ya Kyela kurudi Tukuyu haiwezekani kwa umeme peke yake katika Outlander ya kwanza, hata kama imechajiwa ikajaa kabla ya kuanza kupanda. Katika RAV4 PHV yenye betri nzima inawezekana, ingawa kitakachobaki mwishoni ni kidogo.

Mteremko nao hurudisha sehemu ya nguvu hiyo. Gari linaloshuka kwenda Kyela huchaji lenyewe na kuokoa breki. Lakini betri iliyojaa haina pa kuweka umeme. Mkazi wa Tukuyu anayejaza betri usiku kucha kisha asubuhi akateremka moja kwa moja Kyela anapoteza sehemu ya umeme wa bure. Anayejua safari yake ni ya kushuka huchaji nusu tu na kuuacha mlima umjazie inayobaki.

Jambo la pili ni upandaji wa betri ikiwa tupu. Katika Outlander, kwenye mwendo wa chini injini hufanya kazi ya jenereta na mota ndizo zinazosukuma. Mlima mrefu ukikutana na betri iliyokwisha, injini hunguruma kwa nguvu na gari huwa zito. Dawa yake ni kitufe cha kuhifadhi betri. Dereva anayetoka Mbeya hukibonyeza akiwa bado tambarare, ili umeme ubaki kwa ajili ya kilima cha Uporoto.

Mazingira ya Rungwe yana upande mzuri pia. Injini ya petroli isiyo na tabo hupoteza nguvu kadiri hewa inavyokuwa nyepesi milimani, wakati mota ya umeme haijali mwinuko. Tena, betri za lithiamu huzeeka upesi kwenye joto. Ubaridi wa Tukuyu huzitunza kuliko jua la Dar es Salaam.

Mita ya LUKU ndiyo sheli ya pili

Wengi hukadiria gharama ya kuchaji kwa bei wanayolipa sasa nyumbani. Hesabu hiyo ina mtego.

Katika bei zilizopangwa na EWURA mwaka 2016, mteja mdogo wa kundi la D1 hulipa sh. 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi. Kila uniti inayozidi 75 ni sh. 350. Mteja wa kawaida wa kundi la T1 hulipa sh. 292 kwa uniti. Juu ya bei hizo kuna VAT asilimia 18, mchango wa REA asilimia 3 na wa EWURA asilimia 1. Ukijumlisha, uniti ya D1 ni sh. 122, ya ziada ni sh. 427, na ya T1 ni takriban sh. 356.

Gari linalochajiwa kila siku ya kazi linaweza kutumia uniti 200 hadi 300 kwa mwezi. Hakuna nyumba ya D1 inayoweza kubaki D1 baada ya hapo. Familia iliyokuwa ikitumia uniti 70 kwa sh. 8,540 kwa mwezi, ikihamia T1 italipa karibu sh. 24,900 kwa matumizi yaleyale ya taa, redio na pasi. Tofauti hiyo ya zaidi ya sh. 16,000 ni sehemu ya gharama ya gari, hata kama haionekani kwenye gari.

Mpangaji anayechangia mita na wapangaji wenzake ana tatizo kubwa zaidi. Gari moja linaweza kutumia umeme kuliko vyumba vitano, na ugomvi wa LUKU utaanza wiki ya kwanza. Asiye na mita yake mwenyewe, na asiye na mahali pa kuegesha karibu na soketi, hana sababu ya kununua haibridi ya kuchaji.

Ufungaji wa umeme nao unahitaji fundi mwenye leseni. Soketi ya kawaida ya pini tatu ina fyuzi ya ampea 13, na haifai kuvutwa hadi kikomo kwa saa nyingi mfululizo. Kwa ampea 10, betri ya uniti 12 huchukua kama saa 5 kujaa, ya uniti 18.1 huchukua kama saa 8. Waya uwe mnene, laini iwe ya peke yake kutoka kwenye kisanduku cha swichi, na waya wa ardhini uwe umefungwa na kupimwa. Kutumia waya wa kurefusha uliopitishwa dirishani ni kuitafutia nyumba moto.

Mnunuzi ahakikishe pia kwamba waya wa kuchajia umo ndani ya gari. Magari mengine hufika bila waya huo. Uliopo ukaguliwe lebo yake, kwa sababu umeme wa kuchajia wa Japani ni volti 200 na wa hapa ni volti 230. Na soketi iliyomo ndani ya baadhi ya magari haya, inayonadiwa kuwa inaweza kuwasha vyombo vya nyumbani umeme ukikatika, hutoa volti 100 za Japani, kikomo wati 1,500. Jokofu la dukani la volti 230 halitafanya kazi hapo bila kigeuza volti.

Hesabu ya mwezi mmoja

Mfano ufuatao ni wa mfanyabiashara mwenye nyumba mjini Tukuyu. Siku 26 za mwezi huzunguka kilometa 30 kati ya mjini, Katumba na mashamba ya jirani. Mara 4 kwa mwezi huenda Mbeya na kurudi, kilometa 140 kila safari. Jumla ni kilometa 1,340. Petroli imewekwa sh. 3,000 kwa lita kwa ajili ya urahisi wa hesabu, na umeme sh. 356 kwa uniti.

Gari la petroli la kawaida, kilometa 10 kwa lita: lita 134, sawa na sh. 402,000.

Haibridi ya kawaida, kilometa 14 kwa lita: karibu lita 96, sawa na sh. 287,000.

Haibridi ya kuchaji: kilometa 780 za karibu kwa umeme, uniti 9 kwa siku pamoja na zinazopotea wakati wa kuchaji, jumla uniti 234, sawa na sh. 83,300. Safari za Mbeya kwa injini, kilometa 13 kwa lita: lita 43, sawa na sh. 129,000. Jumla sh. 212,300.

Ikilinganishwa na gari la petroli, haibridi ya kuchaji inaokoa karibu sh. 190,000 kwa mwezi, au zaidi ya sh. milioni 2.2 kwa mwaka. Huo ndio ulinganisho anaopewa mnunuzi na dalali, na hesabu yake ni sahihi.

Lakini mnunuzi makini hulinganisha na haibridi ya kawaida pia. Hapo akiba ni karibu sh. 75,000 kwa mwezi, yaani sh. 900,000 kwa mwaka. Ikiwa haibridi ya kuchaji inazidi bei kwa sh. milioni 8, itachukua karibu miaka 9 kurudisha tofauti hiyo. Na ikiwa fedha hizo ni mkopo wa benki wa asilimia 15 kwa mwaka, riba ya mwaka wa kwanza pekee ni sh. milioni 1.2. Akiba haifikii hata riba.

Picha hubadilika njia inapobadilika. Anayezunguka kilometa 60 kwa siku karibu na nyumbani na kuchaji mara mbili, mchana na usiku, bila safari za Mbeya, huokoa karibu sh. 167,000 kwa mwezi dhidi ya haibridi ya kawaida, sawa na sh. milioni 2 kwa mwaka. Kwake, tofauti ya milioni 8 hurudi kwa miaka 4. Na tofauti ya bei ikiwa milioni 3, kama inavyoweza kutokea kati ya Outlander ya zamani na X-Trail Hybrid, hurudi katika mwaka mmoja na nusu.

Anayekwenda Mbeya au Kyela kila siku yuko upande mwingine kabisa. Sehemu kubwa ya kilometa zake ni za injini, na betri kubwa inamwongezea uzito wa kupandisha milima. Huyo haibridi ya kawaida inamtosha.

Kodi huweza kugeuza bei

Bei inayoonekana kwenye tovuti ya muuzaji wa Japani ni mwanzo tu. Gari likifika bandari ya Dar es Salaam hutozwa ushuru wa forodha asilimia 25 wa thamani yake pamoja na bima na usafiri. Kisha huja ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini: asilimia 5 kwa injini ya zaidi ya cc 1,000 hadi cc 2,000, na asilimia 10 kwa inayozidi hapo. Gari lenye umri wa miaka 8 hadi 10 huongezewa asilimia 15 kwa uchakavu, na linalozidi miaka 10 huongezewa asilimia 30. Juu ya yote ni VAT asilimia 18, pamoja na tozo nyingine ndogo.

Kwa hiyo Outlander ya kwanza, yenye injini ya cc 1,998, iko kwenye asilimia 5. Ile ya mwaka 2018 na kuendelea, RAV4 PHV na Harrier PHEV ziko kwenye asilimia 10. Hilo humvutia mnunuzi kwenye gari la zamani. Lakini magari ya 2013 na 2014 yamekwisha vuka miaka 10, na asilimia 30 ya uchakavu humeza unafuu wote huo.

Mfano: gari la mwaka 2014, lita 2.0, lenye thamani ya sh. milioni 10 likiwa bandarini, hutozwa ushuru wa forodha milioni 2.5, ushuru wa bidhaa sh. 625,000, uchakavu sh. milioni 3.75 na VAT takriban sh. milioni 3.04. Jumla ya kodi hizo ni sh. milioni 9.9. Gari la mwaka 2020, lita 2.4, la sh. milioni 14, hutozwa milioni 3.5, milioni 1.75 na takriban milioni 3.47. Jumla ni sh. milioni 8.7.

Tofauti ya milioni 4 iliyoonekana wakati wa kununua inabaki milioni 2.8 baada ya kodi. Kwa kiasi hicho mnunuzi anapata betri yenye umri mdogo kwa miaka 6. Katika magari ya aina hii, miaka 6 ya betri ina thamani kuliko rangi, rimu au viti vya ngozi.

TRA hutumia mfumo wake wa kukadiria thamani ya magari yaliyotumika, hivyo ankara yenye bei ndogo haimpunguzii mtu kodi. Kikokotoo kiko wazi kwa kila mmoja kwenye tovuti ya mamlaka hiyo. Viwango vinaweza kubadilika kwa bajeti inayosomwa kila Juni, na anayeagiza gari mwezi Mei apige hesabu mbili.

Kununua betri iliyotumika

Katika gari la kawaida lililotumika, fundi husikiliza injini. Katika haibridi ya kuchaji, kitu cha kwanza kupimwa ni betri, kwa sababu ndicho chenye gharama kubwa kuliko vyote na hakionekani kwa macho.

Karatasi ya mnada ya Japani huonyesha kilometa, mikwaruzo na kama gari limewahi kugongwa. Haisemi betri imebaki kiasi gani. Kwa Outlander kuna njia rahisi: kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la kusomea kompyuta ya gari, pamoja na programu ya simu, huonyesha ujazo wa betri kwa ampea-saa. Betri ya uniti 12 ikiwa mpya ilikuwa na ampea-saa 40. Ikisoma 28, imebaki asilimia 70, na kilometa 35 zimekuwa 25. Muuzaji aliye Japani aombwe picha ya kipimo hicho kabla ya malipo. Anayekataa kupima ameshatoa jibu.

Mwaka 2013 wenyewe una historia. Machi mwaka huo Mitsubishi ilisimamisha utengenezaji wa Outlander PHEV baada ya betri ya gari moja kupata joto kupita kiasi na kuyeyuka, na uzalishaji ulirejea Agosti. Gari la mwaka huo lisinunuliwe bila uthibitisho kwamba liliitwa na kurekebishwa. Kwa upande wa haibridi za kawaida, Vezel za mwanzo ziliitwa kiwandani zaidi ya mara moja kwa kasoro za gia, na kumbukumbu za marekebisho nazo ziulizwe.

Udhamini wa kiwanda aliopewa mnunuzi wa kwanza kule Japani usitegemewe Tukuyu. Vipuri vingi vya magari ya Kijapani hupatikana Mbeya au Gerezani, Dar es Salaam, lakini hiyo ni pedi za breki, bushi na shokomzoba. Betri ya volti 300 na kompyuta zake ni habari nyingine. Waya zake zina rangi ya chungwa kama alama ya hatari, na fundi asiyefundishwa kazi hiyo asiziguse.

Hali hiyo inagusa pia siku ya kuuza. Gari ambalo mafundi wachache wanalijua hupata wateja wachache, na mteja wa kwanza atauliza betri. Mwenye kumbukumbu za vipimo vya kila mwaka atakuwa na la kuonyesha.

Nani anunue nini

Kwa hesabu hizi, haibridi ya kuchaji inamfaa mkazi wa Tukuyu mwenye masharti manne kwa pamoja. Awe na nyumba na mita yake. Mizunguko yake ya kila siku iwe ndani ya kilometa 30 hadi 60 na arudi nyumbani kuchaji. Tofauti ya bei na haibridi ya kawaida isizidi akiba ya miaka minne. Na betri iwe imepimwa. Kwake Outlander ya 2.4 ndiyo yenye uwiano mzuri wa bei, betri na nguvu ya magurudumu ya nyuma. RAV4 PHV ni bora kwa umbali, lakini bei yake inahitaji kilometa nyingi za umeme ili irudi.

Anayekosa hata sharti moja atafute haibridi ya kawaida, na asiyekwenda zaidi ya kilometa 500 kwa mwezi abaki na gari lake la petroli na kuiacha fedha yake kwenye ndizi. Kwa umbali huo, hakuna teknolojia itakayorudisha milioni kadhaa kabla gari halijachakaa.

Kabla ya kuweka amana, mnunuzi aandike kilometa zake kwa mwezi mmoja kwenye daftari, siku kwa siku. Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta, na Rungwe imo kwenye orodha. Achukue bei hiyo, risiti yake ya LUKU na daftari lake, arudie hesabu iliyo juu kwa namba zake mwenyewe. Karatasi moja inatosha, na itamgharimu kidogo kuliko gari lisilomfaa.